Nilivyochagua vifaranga kwa upanga nikabaki na majogoo wanne

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Hiki ni kisa changu cha miaka ya tisini, Shauri Moyo. Sijakipaka rangi. Penye nilikuwa mjinga nitasema.

Nilikuwa kijana wa kufunga marobota ya mitumba Gikomba, shule nimeachia darasa la nane. Lakini ndoto nilikuwa nazo. Nilitaka kuku wa mayai, estate nzima itume watoto kwangu asubuhi kununua.

Jirani yangu Mama Nekesa, mama wa Kibukusu, alikuwa na kuku wa kienyeji anayetaka kuatamia. Akamwekea mayai yake matano. Mimi nikaongeza matano kutoka kwa beshte wangu wa Majengo, aliyekuwa na kuku wa gredi, wale wa kisasa wa mayai, waliochanganyika na jogoo wa kienyeji. Tukapatana tutagawana nusu kwa nusu.

Wakaanguliwa wote kumi. Rangi kila aina, huwezi kujua nani ni wa nani.

Walipofika wiki ya saba tukagawana, kila mtu akichagua kwa zamu. Ukishashika ni wako, hakuna kurudisha.

Sasa mimi nilijiona fundi. Upanga, ile nyama ya kichwani, ukiwa mwekundu na umesimama, huyo ni jogoo. Kwa hivyo nikawa nachukua wenye upanga mdogo, umelala kama njugu.

Mama Nekesa akaniangalia. "Kijana, unachagua kama mtu anatafuta bibi."

"Ngoja mayai, mama."

Yeye alishika tu aliyekuwa karibu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja kuku wangu akawika, sauti kama mlango unaodai grisi. Kabla mwezi uishe walikuwa wanne wanaowika. Jike nilikuwa na mmoja.

Mama Nekesa anaanika nguo, anacheka polepole. "Hao warembo wako wana sauti nzito."

Wakuu, niliumia. Watu waliniambia nichinje nianze upya, lakini mmoja alikuwa na tabia ya kulala juu ya kiatu changu nikiwa nimekivaa. Utamchinjaje huyo?

Kisha siku moja Mama Nekesa akabisha, safari hii hacheki.

"Mwanangu, baba mkwe anatoka Bungoma kesho. Kwangu ni majike matupu. Nitamwekea nini mezani? Nimchinjie anayetaga?"

"Si tulisema hakuna kurudisha?"

"Sirudishi. Nabadilisha."

Jogoo mmoja kwa jike mmoja. Akaomba na jogoo wa pili wa kupanda majike yake waliobaki, nikapata jike mwingine. Yule wa mezani nilimwambia amshike mwenyewe, mimi nikaenda kutembea.

Wiki hiyo hiyo nikaokota yai langu la kwanza. Nililishika mpaka likapoa.

Nilichojifunza: jua aina kabla ya kutafuta jinsia. Damu ya gredi, hata jike upanga wake husimama mapema. Kienyeji wengine, hata jogoo upanga wake hubaki chini. Nililinganisha watoto wa mama tofauti, ndiyo maana nikapotea. Kifaranga mlinganishe na ndugu yake wa mama mmoja.

Najua humu kuna wanaotambua jinsia kwa kubembeza sindano na uzi juu ya kifaranga, na wa kumning'iniza kwa miguu. Semeni mmepatia wangapi kwa kumi, bila kuongeza. Mimi bado nafuga, na kila kundi lazima nikosee mmoja.