Mimba ya Uji Mwepesi

Mimba yangu ya kwanza ilinikuta Masanze, tumeshahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari na kuta bado mbichi. Tumbo likakua kwa fujo. Lilipofika miezi mitano, wenzangu kwenye shamba la kijiji walinitania waziwazi: "Weee, umemeza boga zima?" Nami sikuwa mtu wa kukaa kimya. Niliwajibu nimelimeza pamoja na jembe lake.

Mama mkwe hakucheka. Kabla sijaolewa, binti yake, ambaye angekuwa wifi yangu, alifia kwenye uchungu mikononi mwake, mtoto amekwama. Wakunga walisema mtoto alikuwa mkubwa mno. Ndiyo maana kwetu mjamzito alipunguziwa chakula, ili mtoto abaki mdogo apate kupita. Mayai ndiyo usiyaguse kabisa. Sasa alipoliona tumbo langu, mama mkwe alinipunguzia mpaka nikabaki na uji mwepesi na mchicha. Ugali nilikuwa nauona kwenye sahani ya mume wangu.

"Shikamoo mama. Leo nina njaa kwelikweli," nilimwambia asubuhi moja.

"Marahaba. Vumilia, mwanangu. Sitaki kuzika tena."

Nilikunywa uji.

Miguu ilipovimba, alinipeleka mwenyewe kliniki Kilosa mjini, tumepanda lori la pamba. Nesi alinipapasa tumbo muda mrefu. Akaweka kile kipembe cha kusikilizia upande huu, akakihamishia upande wa pili, akakirudisha tena.

"Mama, humu wamo wawili," akasema. "Mmoja anakua vizuri. Mwenzake ni mdogo sana, amebaki nyuma. Unakula nini?"

Mama mkwe ndiye aliyejibu: "Uji."

Nesi hakugomba. Alieleza kwamba mtoto akiwa peke yake tumboni, chote kinachotoka kwa mama ni chake. Mapacha wanagawana, tena hawagawani sawa, na mama asipokula wanaumia wote. Mama mkwe alisikiliza huku ameushika mkono wangu. Kumbe tumbo lile halikuwa na mtoto mkubwa hata mmoja.

Tangu siku hiyo alipika kama kuna harusi. Maharage, samaki, mayai anayakaanga mwenyewe. Nilikula jamani, nilikula mpaka nikatapika, nikarudi tena kula. Lakini uchungu haukutusubiri, ulikuja kabla mimba haijatimia.

Walikuwa wasichana. Wa kwanza alilia kwa nguvu zote. Wa pili alikuwa mdogo hata nikaogopa kumshika, ngozi imelegea mapajani, sauti yake haivuki mlango. Mama mkwe alimtia kifuani ndani ya khanga zake, akawa hamtui hata wakati wa kula. Nilimsikia akimnong'oneza, "Nilikunyima, mjukuu wangu. Mimi mwenyewe nilikunyima." Mtoto alikata roho hapohapo kifuani pa bibi yake, adhuhuri, jua kali.

Nilimchukia yule mama. Niseme kweli, nilimchukia, na huku namwonea huruma mpaka machozi yananitoka, vyote kwa pamoja. Baadaye nesi alituambia mapacha wengine ndivyo walivyo, huenda hata ningekula ng'ombe mzima yule mdogo asingefika. Mimi nilitaka sana kumwamini. Mama mkwe hakutaka hata kulisikia neno hilo.

Walipotoka kuzika, maziwa yakanijaa, yanauma, yanalowesha nguo. Yule mkubwa alinyonya ziwa moja akashiba, akalala. La pili lilikuwa linavuja tu. Mama mkwe akaja na bakuli, akaketi mbele yangu.

"Lete nikukamue, mwanangu, lisije likakutia homa."

Alikamua taratibu, bakuli likapanda mpaka karibu na ukingo.

"Mengi haya," akasema. "Yangewatosha wote wawili."