Bun ya Bibi Harusi

Mimi ni msusi hapa Kisangani, mji ambao Wabelgiji wanauita Stanleyville. Jumamosi iliyopita niliitwa kumtengeneza nywele mwalimu Mwingereza aliyekuwa anaolewa. Kwa kuwa niliwahi kupika kwa wamisheni wao, nilijigamba kwamba Kiingereza nakijua.

Aliketi mbele ya kioo, nywele zimemshuka mgongoni.

“Mama Veronika, leo ninataka bun.”

Neno hilo nililijua vizuri: ni mkate mdogo wa mviringo wanaokula na chai. Nikamwonea huruma, maana bibi harusi mwenye njaa anaweza kuzimia kanisani. Nikakimbia hadi kwa Mgiriki muoka mikate, kengele ya kanisa ikilia, nikarudi natiririka jasho.

“Kula kwanza, mamzeli. Nywele tutafanya nyuma.”

Akautazama mkate, akacheka mpaka machozi, kisha akaubandika kisogoni.

“Bun iko hii, Mama. Fundo ya nywele. Tunaiita hivi juu inafanana na mukate.”

Papo hapo baba yake, aliyetoka Ulaya juzi, akafungua mlango kuja kumchukua. Kiingereza chake nilikielewa chote: aliuliza kama hivyo ndivyo maharusi wa Kongo wanavyopambwa.