Nilivyomyeyusha Jogoo wa Baba Mkwe

Nimekosa, tena kwa ujinga wa papai bichi! Msicheke kwanza.

Kiwanda chetu kilipouzwa, nilikuwa wa mwanzo kupunguzwa. Mke wangu akaingia sokoni kuuza mitumba, mimi nikabaki nyumbani Butimba na masufuria. Niwaambie ukweli? Sikuumia sana. Mimi ni mtu wa nyumbani.

Sasa baba mkwe akatuma salamu kutoka Usagara: anakuja kuona binti yake anaishije. Akatanguliza na jogoo. Jamani, jogoo mwenyewe mzee, nadhani aliishuhudia harusi yetu!

Jirani yangu, Mama Koku, akanipa dawa ya bibi zake ya nyama ngumu: ipake papai bichi, iache kidogo, ioshe, uinjike. Kidogo! Mimi msomi wa fomu foo nikajiuliza, kama kidogo inalainisha, je, usiku kucha? Nikavizika vipande vyote kwenye papai la kuponda, nikalala nikijipongeza.

Asubuhi nikaviosha nikavipika; mchana mzee akafika, mke wangu akatenga chakula. Kwetu firigisi ni ya mgeni mzito, kwa hiyo mzee akaanza kuitafuta. Wapi! Bakuli zima lilikuwa uji wenye mifupa.

"Mwanangu," akamwuliza binti yake, "huyu kuku ulimpika au ulimtwanga?"

Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama bati, kama fundi anayekagua misumari! Mzee hakujua kwamba mpishi wa nyumba ile ni mimi, na niliona haya ajue. Nikanyamaza. Tena, Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kwa masikitiko!

"Nisamehe, baba," mke wangu akasema.

"Atakusamehe mama yako. Funga nguo zako, twende akakufundishe upya."

Akaondoka naye jioni ile ile. Mke wangu hakuniaga. Mpaka leo hajarudi.

Ndugu zangu, papai ni la muda mfupi tu. Na ukiharibu chakula, sema pale pale mezani, hata kama aliyekaa mbele yako ni mkwe. Ukinyamaza kama mimi, utakula peke yako.

Nilipomsimulia Mama Koku, nilidhani ataniliwaza. Akanitazama juu mpaka chini.

"Shemeji, mwanamume kupika si aibu hata kidogo. Aibu ni kujificha nyuma ya khanga ya mkeo. Kapande gari la Usagara ukamwambie mzee, na hapa kwangu usije tena kunililia."