Jina Lililoitwa Jumamosi Tatu

Mimi sipendi polisi. Nasema wazi, na Jeska mwenyewe anajua, maana nilimwambia siku ya kwanza alipovuka barabara kuja kunywa chai kwangu. Alicheka, akaomba andazi la pili. Tangu hapo imepita miaka sita, na bado sipendi polisi, ila huyu mmoja simhesabu.

Meza yangu ya chai iko Magarama, hapa Gitega, ng'ambo ya kituo kidogo cha polisi. Kituo chenyewe ni vyumba viwili, bendera, na benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Wezi wakubwa hawaletwi pale. Wanaokuja ni watu kama sisi. Anakuja mwenye baiskeli aliyegonga kapu la nyanya, na mwenye nyanya anamfuata nyuma akiwa na ushahidi mkononi, unachuruzika. Anakuja mume kumshtaki mkewe kwamba amemfungia nje, na mke anafika baadaye na ufunguo, anauliza kama wanauhitaji. Jeska anawaketisha wote kwenye benchi lile bovu, anawaambia, "Anayetikisika anawaangusha wote." Watu wakikaa dakika kumi bila kutikisika, hasira inaisha yenyewe. Nusu ya kesi za mtaa wetu zimekufa kwenye benchi hilo.

Siku moja wanawake wawili walikuja wakivutana kuku mmoja. Jeska alifungua daftari kubwa, akaanza kuandika: rangi ya manyoya, rangi ya miguu, kuku amekula nini asubuhi. Kabla hajamaliza, kuku akataga juu ya daftari. Wale wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja aliondoka na kuku, mwingine na yai, na alama ya yai iko kwenye ukurasa ule hadi leo.

Jeska hakuzaliwa huku. Alizaliwa Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, akarudi na wazazi wake akiwa msichana mkubwa. Kiswahili chake kimenyooka mpaka unadhani umefungua redio. Kwa ajili ya Kiswahili hicho wazee wa msikitini walimpa salamu ya Kiislamu mwaka mzima, wakidhani ni mwenzetu, naye aliitikia vizuri ili asiwaaibishe. Kumbe ni mlokole, anaimba kwaya. Siku ya Idi anakula pilau yangu kuliko Waislamu wote wa mtaa.

Jambo lililomfanya ajulikane Gitega nzima ni kopo lake la biskuti. Humo anaweka karangamuntu, yaani vitambulisho vya uraia, zilizookotwa. Kila mtu anajua shida ya kupoteza karangamuntu: hupiti kizuizi, hupati dawa, hata msiba wa mjomba unaweza kukosa kwenda. Polisi wengine wanaziweka kwenye droo wanasubiri mwenyewe aje. Jeska hasubiri. Ijumaa anasimama nje ya msikiti, anasoma majina ya Kiislamu. Jumapili yuko nje ya kanisa, anasoma ya Kikristo. Na Jumamosi asubuhi, mtaa mzima ukishamaliza kazi za pamoja, watu bado wana majembe na mifagio mikononi, anapanda juu ya jiwe mbele ya meza yangu na kusoma yote.

Nilimuuliza mbona anajichosha. Akaniambia kwamba kambini baba yake, Mzee Eliud, alipoteza kadi ya chakula, na watu saba wakala kwa huruma ya majirani mpaka kadi nyingine ilipotoka.

"Mama Waziri," alisema, "mtu aliyepoteza karatasi yake hapati usingizi. Sasa mimi nimeifungia kwenye kopo, nitalalaje?"

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa saba alisoma jina: "Nkurikiye Fabiano!" Akarudia: "Nkurikiye Fabiano!" Hakuna aliyeinua mkono. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikapaza sauti: "Fabiano iko anakunywa mahali! Mumuache alale!" Watu wakacheka, nami nikafurahi kuchekesha watu. Jumamosi ya pili akaliita tena, nikatania tena. Ya tatu nikamwambia kabisa: "We Jeska, mtu mwenyewe hajipendi, we unamupenda ju ya nini? Tupa iyo kitu!"

Jeska alifunga kopo lake taratibu. Hakutupa.

Alhamisi iliyofuata, nikiwa nimeshafunga mizigo ya kwenda harusini Muyinga, simu ikalia. Alikuwa Waziri, mwanangu. Anakaa Muyinga, ni fundi wa cherehani, na siku ya pili yake, Ijumaa, alikuwa anamuoa Layla.

"Mama, karangamuntu yangu ilipotea," alisema. "Iko wiki tatu natafuta. Nilizani ilianguka huku sokoni, nikaenda kwa polisi ya huku, haiko. Sikukuambia ju ya presha yako."

Presha ikapanda hapo hapo. Ofisi ya kuandikisha ndoa ilikuwa imemwambia wazi: hakuna karangamuntu, hakuna kuandika. Shehe naye hafungi ndoa bila karatasi ya ofisi. Karangamuntu mpya lazima aifuate Itaba, alikozaliwa, na haitoki kwa siku moja. Na baba ya Layla alikuwa amesimama mbele ya wazee akasema kwamba kama Ijumaa saa nne asubuhi ndoa haiandikwi, wageni watakula wali wao na kwenda zao, na binti yake atabaki nyumbani, maana kuna mtu mwingine anamtaka na huyo ana karatasi zote. Nilipotaka kumjibu, simu ya Waziri ikazima, na haikuwaka tena.

Jeska alinikuta nimekaa juu ya mizigo, chai inamwagikia motoni. Nilimtukania polisi wote wa nchi hii, wa Gitega na wa Muyinga, na yeye nikamtia humo. Alingoja nimalize. Kisha akauliza, "Kwenye karangamuntu anaitwa nani?"

"Waziri!"

"Waziri nani?"

"Waziri... Waziri ya Sudi! We unamujua, mtoto ya marehemu bwana yangu!"

"Hawaandiki hivyo, Mama. Jina kamili."

Mwanamke mzima, nimemlea mtu miaka ishirini na tano, na sijui jina lililo kwenye karatasi yake.

Hapa lazima niseme kitu ambacho sikipendi. Waziri sikumzaa mimi. Ni mtoto wa dada yangu Salama, aliyeolewa Itaba na mkulima mmoja Mkatoliki. Nyumbani kwetu tulikasirika, na mimi ndiye niliyekasirika kuliko wote. Sikwenda kumuona. Aliponitumia habari kwamba amejifungua, sikuuliza hata mtoto anaitwa nani. Miaka miwili baadaye malaria ilimchukua yeye, na mume wake hakumaliza mwaka. Nilikwenda Itaba kumchukua mtoto, nikambeba mgongoni, na njiani nikamwita Waziri. Mambo ya karatasi yalibaki kwa Sudi, mume wangu, Mungu amrehemu. Shule na ufundi mtoto alivipata Muyinga kwa ndugu za Sudi. Jina la Salama sikulitamka nyumbani kwangu, na mwenye akili hakulitamka mbele yangu.

Jeska hakuniuliza hayo yote. Aliuliza tu, "Wazazi waliomzaa waliitwa nani? Karangamuntu inaandika baba na mama."

"Baba ni Kasiano," nilisema. Kisha nikasema lile lingine, kwa sauti ndogo. "Mama ni Salama."

Aliweka kikombe chini. Alivuka barabara bila kuangalia baiskeli, mwendeshaji mmoja akamtukana kisha akaona sare akaomba radhi, na akarudi na kopo.

"Kuna hii," alisema. "Kasiano na Salama. Nilijiuliza mara nyingi hawa wawili walikutana wapi."

Picha ilikuwa imeliwa na jasho, ya kijana mwembamba aliyenyoa kichwa. Waziri wangu leo ana ndevu na mashavu. Lakini masikio yalikuwa yake. Juu iliandikwa: Nkurikiye Fabiano. Nikakumbuka kwamba wiki tatu nyuma alikuja kunisalimia, akashukia stendi yetu hapa, na ndipo ilipomtoka mfukoni.

Nililia, na si kwa ajili ya harusi. Dada yangu alikuwa ndani ya kopo la biskuti hatua thelathini kutoka meza yangu, jina la mtoto wake linaitwa mbele yangu Jumamosi tatu, na mimi nimecheka na kusema itupwe. Nyumba yangu nzima ilijua kwamba Waziri ni Fabiano, isipokuwa mimi, kwa sababu nilitisha watu wasiniambie.

Nilipopangusa uso nikanyoosha mkono. "Leta nipeleke."

"Hapana," alisema Jeska. "Inapewa mwenyewe, mkononi, na anatia sahihi kwenye daftari."

Wallahi nilimrukia. Nilimwambia nimemnywesha chai miaka sita, nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Alisimama hapo hapo na kopo lake kifuani. Mkuu wake, Shefu Egidius, akatoka kwa ajili ya kelele, mtu mnene asiyependa kusimama. Akasikiliza pande zote mbili, akakuna kidevu.

"Jeska iko na haki," alisema. "Na we Mama Waziri iko na haki. Donc, basi, daftari iende Muyinga."

"Daftari haiendi peke yake, Shefu," Jeska akasema.

"Si uende nayo! Ila mafuta ya gari usiniulize."

Hakuna aliyethubutu kuuliza. Pikapu ya kituo ilikuwa haijapata mafuta wiki mbili, na mbuzi wa jirani alikuwa ameifanya nyumba yake. Alhamisi hiyo mpaka usiku tulisimama barabarani, hakuna basi. Ijumaa alfajiri Jeska alinyoosha mkono, lori moja la kwenda mpakani Kobero likasimama. Dereva alipoona polisi na daftari kubwa, alishuka bila kuulizwa, akatoa leseni, karatasi za mzigo, bima, na cheti cha ubatizo cha mtoto wake.

"Sitaki karatasi zako," Jeska alimwambia. "Tunaomba nafasi mbili. Tunakwenda harusini."

Alifurahi mpaka akatununulia ndizi Karuzi. Njia nzima mimi nilishika daftari magotini, lile lenye yai, na Jeska alishika kopo. Nilimwomba msamaha kwa yale maneno. Akasema kwenye benchi lake amesikia mabaya zaidi, kisha akalala mdomo wazi.

Tulifika Muyinga saa nne kasoro dakika kumi. Nje ya ofisi watu walikuwa wamejaa, kanzu na mitandio, na baba ya Layla anaangalia saa yake kila wakati ili watu wote waone anaangalia saa. Layla alikuwa amekaa kwenye kiti, hina mpaka kwenye viwiko, macho mekundu. Waziri alipoona sare ya polisi alirudi nyuma hatua moja.

Jeska hakusalimia sana. Alifungua daftari juu ya meza ya karani, akatoa karangamuntu, akaangalia picha, akaangalia ndevu, akaangalia picha.

"Huyu simuoni kama wewe," alisema. "Jina lako?"

Waziri alinitazama kwanza. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mtoto, kikombe kimevunjika na hajui kama nimeshaona. "Nkurikiye Fabiano," alijibu, na sauti ilikuwa karibu kuzima.

"Mama yako mzazi?"

Hapo akanigeukia tena. Watu wakaanza kuguna, baba ya Layla akasogea mbele. Nilimshika mwanangu mkono.

"Sema," nilimwambia. "Sema, ni mama yako."

"Salama," alisema.

Jeska akampa kalamu. Alitia sahihi kwenye daftari la polisi kabla ya kutia kwenye kitabu cha ndoa, na baba ya Layla akasoma karangamuntu mbele na nyuma, akaagiza vigelegele. Nilipiga changu mpaka koo likauma.

Tukaingia ndani. Afisa wa ndoa alivaa bendera yake begani, akafungua kitabu, akasoma kwa sauti ya ofisi: "Nkurikiye Fabiano, mwana wa Kasiano na Salama, yuko?"

Jumamosi tatu nilikuwa nimelisikia jina hilo nikacheka. Safari hii nilikuwa wima kabla hajafunga mdomo.

"Iko!" nilipiga kelele. "Mutoto wa Salama iko hapa!"

Afisa alinitazama juu ya miwani, akanieleza kwa heshima kwamba anayetakiwa kuitika ni bwana harusi. Nikamwambia aandike tu, nimeshaitika.