Diwani Amefika

Mkinitania kwa lile neno nacheka na nyinyi, lakini ndani nawaka, kwa hiyo leo nasimulia mwenyewe kabla hamjazidi kulitia chumvi, maana aibu ni yangu na hasira ni yangu, na kati yenu hakuna aliyekuwapo isipokuwa Nakato, mlinzi wetu wa mlangoni, Mganda wa watu, ambaye naye aliponea chupuchupu kufukuzwa kazi.

Hotelini kwetu Oud Metha, huku kwa Waarabu, tulikuwa na karamu ya mchana ya wageni kutoka Ireland, mgeni rasmi mama mmoja waziri. Fawzi, meneja wetu wa karamu, alinipa karatasi ya maisha ya yule mama akaniambia, "Athumani, meza yake ni yako. Mambo yakienda sawa, wewe ndiye kepteni wa wahudumu, inshallah." Miaka sita nabeba sahani! Nikaipeleka karatasi kwetu Al Baraha nikaikariri mpaka wenzangu wa chumbani wakanitupia mto: alianza kwa udiwani katika mji mdogo, akihangaikia taa za barabarani na takataka, akagombea ubunge akaangushwa, akarudi tena akapata, akawa naibu waziri, na sasa yumo kwenye baraza la mawaziri lenyewe. Nilimpenda kabla sijamwona (na wivu nilimwonea pia, kwa nini nidanganye).

Siku yenyewe nilisimama mlango wa pembeni na redio mkononi. Akatangulia mzee mmoja mwembamba mwenye tai ya kijani, akaniambia kwamba yeye ni diwani wa mji ule ule, alianza siasa pamoja na waziri, na waziri mwenyewe yuko nyuma kidogo. Sasa sikilizeni ujinga wangu ulipoanzia. Neno la Kiingereza nilikuwa nalo, hilo hilo alilolitamka mzee, lakini juzi yake Fawzi alinicheka mbele ya watu kwamba Kiarabu changu ni cha kuuzia maembe, nikasema leo nitamwonyesha, na si nusu ya maneno yetu ni yao, kitabu, habari, waziri mwenyewe, basi na diwani litakuwa lao tu. Nikabonyeza redio: "Ustadh, diwani wasal!" Yaani diwani amefika.

Halafu Fawzi, sauti imempanda: "Diwan? Hapa? Sasa hivi?"

"Aywa, yuko mbele yangu."

Kumbe huku Diwan ni ofisi ya mtawala wa nchi (miaka yote hiyo nimelisikia neno hilo nikadhani ni madiwani wao), na Fawzi akaelewa kwamba mtu wa mtawala ameingia bila taarifa. Basi watu walikimbia! Meza ya mbele ikapanguliwa, kadi yenye jina la waziri ikahamishiwa meza ya nyuma ya nguzo, kahawa ikaja, ubani ukaja, wahudumu wakapangwa mistari miwili, na mzee wa watu akashikwa mkono akakalishwa kwenye kiti kikubwa, anakohoa kwa moshi, anasema jamani mimi ni mtu mdogo tu, na kila akisema hivyo Fawzi anazidi kumwinamia kwa unyenyekevu wake.

Nakato, niliyemwachia ule mlango wa pembeni, akaniita redioni: "Athumani, mimi ninaambiwa nisiingize mtu mpaka Diwan akae, na hapa kuna madam anasema yeye ndiye waziri. Nifanye nini?"

Nilitoka mbio. Waziri mzima kasimama nje ya mlango ule, kwenye ujia wa jikoni, kando ya matoroli ya vyombo vichafu! Nikamwingiza mwenyewe, na tukatokea ukumbini wakati ule ule Fawzi anamuuliza mzee anatoka idara gani ya Diwan. Mzee akajibu, "Mimi? Halmashauri ya mji. Nashughulikia takataka."

Fawzi akanigeukia. "Athumani! Diwan yuko wapi?"

Nami, mjinga wa mwisho, nikamnyooshea mzee kidole mbele ya watu wote. "Si ndiye huyu? Diwani," nikaongeza na lile neno la Kiingereza.

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Waziri naye alicheka mpaka akajipangusa macho, akasema alipokuwa diwani hakuna aliyemfukizia ubani hata siku moja. Sikumchukia kwa hilo. Niliyemchukia ni Fawzi, aliyesogea akamwambia, "Samahani madam, hawa lugha inawashinda," na hali ni yeye aliyepangua meza nzima bila kuuliza swali la pili, na mimi lugha nne nazisema, yeye mbili!

Baada ya karamu akaniita ofisini. "Khalas, Athumani. Kepteni lazima ajue kuongea." Cheo akampa kijana aliyeajiriwa Ramadhani iliyopita, ambaye hata kukunja kitambaa cha meza nilimfundisha mimi.

Nimeapa sitalipamba tena neno langu ili bosi aniheshimu. Nitasema ninachokijua kwa lugha ninayoijua, asiyeelewa aulize. Ila kiapo hakinisaidii nyumbani, kwa sababu asubuhi ya siku ile, kabla hata sijavaa sare, nilikuwa nimeshampigia mke wangu Likoni nikamwambia mimi ni kepteni, na yeye kautangazia mtaa mzima, na mtaa umeelewa kwamba naendesha meli. Wiki jana shemeji yangu amenipigia, anataka nimtafutie kazi humo melini. Nimemkatia simu.