Bibi Alipomuulizia Mtafsiri Sinemani

Mnisamehe mapema. Mwandiko wangu hulala upande kama nyasi zilizokanyagwa, na huenda herufi nyingine nimeziacha njiani. Shule yangu iliishia darasa la sita, katika kambi ya wakimbizi, na huandika polepole. Lakini jambo hili nikizidi kulibeba kimya litanipasua kifua.

Jumamosi moja mchana nilimpeleka bibi yangu sinema, hapa Blacktown, ughaibuni tulikohamia. Majirani zetu Wahindi walikuwa hawana habari nyingine ila filamu hiyo: kijana anapanda chombo kwenda nyota ya mbali, anamwahidi mchumba wake kwamba atarudi baada ya mwaka. Kumbe mwaka wa huko juu ni miaka arobaini ya huku duniani. Bibi anapenda filamu za Kihindi kuliko nyama.

Taa zikazimwa, wimbo ukaanza, watu wakapiga miluzi. Bibi akageuka huku na huku.

"Mtafsiri yuko wapi?"

Kambini, kwenye kibanda cha video, alikuwapo mtu mwenye kipaza sauti aliyesimulia kila filamu kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Bibi alidhani kila sinema duniani ina mtu wake. Kusoma hajui, Kiingereza hana. Yale maandishi ya Kiingereza chini ya picha kwake yalikuwa mapambo tu.

"Hapa hakuna, bibi."

"Hakuna? Na tiketi tumekata? Basi tafsiri wewe, mume wangu."

Mimi! Mimi ambaye kanisani nikiombwa kusoma mstari mmoja nakimbilia chooni. Na maandishi yenyewe yalikuwa na haraka. Nikifika neno la tatu, yameshaondoka. Lakini nilimwona bibi ameshika pindo la kitenge, anatazama midomo ya watu asiowaelewa, nikajua atatoka na njaa ileile aliyoingia nayo. Nikaanza kunong'ona. Nilichowahi nilisoma, nilichokosa nilitunga.

"Anasema, 'Nisubiri, nitakuletea nyota.'"

Mama mmoja wa Kihindi mwenye mvi, aliyekaa mbele yetu, akageuka. Nikajua tunafukuzwa.

"Wee kijana," akasema, kwa Kiswahili safi kuliko changu, "hapo umedanganya. Amemwambia mchumba amwangalizie mama yake."

Bibi alicheka hadi bisi zikamwagika. Kumbe yule mama alizaliwa Mombasa.

"Mimi nitakupa Kihindi, wewe simulia," akaniambia. "Na paza sauti, mkeo masikio yamechoka."

Basi nikasimulia! Yeye ananitupia maneno, mimi nayapokea na kuyapeleka kwa bibi, na sauti yangu ikawa inapanda yenyewe. Wimbo ukija, vijana wanainuka kucheza, sisi tunapumzika na kutafuna.

Kisha chombo kikatua. Kijana akashuka, bado kijana. Mchumba wake alikuwa mlangoni kwake, nywele nyeupe kabisa. Bibi akanikamata mkono.

"Atamchukua?"

"Sijui, bibi."

"Si umuulize mwenzako!"

Lakini mwenzangu alikuwa analia, hana neno la kunipa. Yule kijana akafungua mdomo, na maandishi yakatokea, machache. Nikayasoma peke yangu, yote, hadi mwisho. Nikayasema kwa sauti iliyofika safu ya nyuma:

"Nimechelewa. Chakula bado kipo?"

Bibi akasimama. "Kipo! Mwambie kipo!"

Watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili wakampigia makofi.

Filamu inaishia hapo mlangoni. Mama wa Mombasa anasema yule kijana alikula, akashukuru, akaenda zake. Bibi anasema alikula, akaosha sahani, akabaki. Walibishana hadi stesheni, na sasa wanabishana kwa simu kila siku, na kila mmoja ananitaka mimi nishuhudie.

Kwa hiyo naomba mniandikie. Alibaki au aliondoka? Nitazisoma barua zenu polepole, kisha nitawaketisha wote wawili na kuwasomea kwa sauti.