Mzee Hakikisha na Mlango wa Nyuma

Mtaa mzima ulimwita Mzee Hakikisha, na jina hilo hakupewa kwa heshima. Alipewa na mafundi wenzake wa gereji, watu wenye midomo isiyo na breki, kwa sababu hakuna neno lililomtoka kinywani mara nyingi kuliko hilo. Ukipita na kikombe cha chai, hakikisha kimepoa. Ukipanda ngazi, hakikisha imekaa vizuri. Nyumbani kwake choo hakikuwa na komeo. Mkewe akiingia huanza kuimba ili watu wajue kuna mtu ndani, na miaka ishirini na sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha nyimbo nyingi.

Tuseme ukweli, alikuwa mwoga. Lakini woga huo huo ndio uliompa kazi. Alipokuwa kijana mwosha magari, wenzake walimfungia kwa mzaha kwenye kiti cha nyuma cha gari bovu, wakakaa pembeni wakicheka mbavu ziwaume. Walipochoka kucheka wakaenda kumfungulia, na mlango ukagoma. Wakavuta, wakapiga teke, haukufunguka. Basi wakaingiwa na hofu ya tajiri wao, wakatawanyika kila mtu na njia yake. Kijana alikaa mle ndani tangu saa sita mchana mpaka saa tisa, jua likichemsha bati, akivuta kishikio kilichokuwa kinachezacheza tu mkononi bila kushika chochote, mpaka tajiri aliporudi akavunja kioo.

Tangu siku ile alikuwa na shida moja tu duniani, kujua ndani ya mlango wa gari kuna nini. Akajifunza. Wenzake walikimbilia injini, yeye akashika vitasa, na kwa miaka thelathini akawa ndiye anayetafutwa mlango wowote ukileta ukaidi. Ila kitu kimoja hakikumtoka. Hakukaa tena kiti cha nyuma na kufunga mlango. Hata kwenye harusi ya mwanawe alipanda mbele, bwana harusi akabanwa nyuma na wakwe.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Fundi mwingine akimaliza kutengeneza kitasa huingia ndani, hubamiza mlango, kisha huufungua kwa kishikio cha ndani. Mzee Hakikisha aliuacha mlango wazi. Aliusukuma ulimi wa kitasa kwa bisibisi mpaka ujifunge, kana kwamba mlango umefungwa, halafu akavuta kishikio. Ulimi ukirudi, tak, kazi imekwisha. "Mlango ukiwa wazi naona kila kitu," alikuwa akiwaambia wenzake, na alikuwa amesema hivyo miaka mingi kiasi kwamba mwenyewe aliamini kuwa ule ni ufundi na si woga.

Asubuhi moja akaja mwalimu wa hesabu na mama yake mzazi. Gari lao lilikuwa na milango miwili ya nyuma, na mmoja ulikuwa umekwama kabisa tangu mwaka uliopita. Huo, alisema mwalimu, ataushughulikia shule zikifungwa. Aliyemleta ni huu wa pili, ambao ulikuwa haujifungi kwa rimoti, na upande huo ndiko mama yake anakokaa.

Mama yule alikuwa amekula chumvi nyingi na miguu yake ilikuwa imeisha nguvu. Walimkalisha kwenye kiti cha plastiki kivulini, akawa anamtazama fundi akifungua paneli ya mlango.

"Fundi, mbona polepole hivyo? Kama unamvua mtoto aliyelala nguo."

"Shikamoo, mama. Hapa ndani kuna vitu vidogo vidogo, vikianguka ni taabu."

"Marahaba. Basi hakikisha havianguki."

Mafundi wote wakaangua kicheko, na mwenyewe akacheka. Akatoa mota ndogo iliyoungua, akaweka nyingine, akasafisha, akatia grisi. Kila klipu aliyochomoa aliitia mfuko wa kushoto wa shati. Huo ulikuwa utaratibu wake: kazi ikiisha, mfuko usibaki na klipu hata moja. Akarudisha kila kitu, akajaribu kwa bisibisi, tak, akarudisha paneli.

"Nashukuru, fundi," mwalimu alisema akimwinua mama yake. "Napita benki mara moja, halafu nampeleka kliniki ya macho. Mama atanisubiri garini, siwezi kumshusha na kumpandisha kila mahali."

Wakaondoka. Saa tano kasoro, jua likiwa limeanza kuuma, Mzee Hakikisha alitia mkono mfukoni kutafuta leso ya kujifutia jasho. Akatoka na klipu.

Ilikuwa klipu ya plastiki nyeupe, ndogo kama punje ya hindi. Aliitazama kwa muda kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Gari lile ndilo lilikuwa kazi yake ya kwanza siku ile, na ndiyo pekee. Shati alikuwa amelivaa asubuhi likiwa limetoka kufuliwa. Akaigeuza klipu, akaitambua.

Kazi ya klipu ile ni moja. Inashikilia kichuma chembamba kinachotoka kwenye kishikio cha ndani kwenda kwenye kitasa. Bila klipu kichuma hukaa kwenye tundu lake kwa uzito wake tu, na ukikijaribu taratibu, mlango ukiwa wazi, hufanya kazi vizuri. Ila mlango ukibamizwa mara moja tu, huchomoka. Kwa nje mlango utafunguka. Kwa ndani kishikio kitachezacheza bila kushika kitu.

Akapiga simu ya mwalimu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita vile vile.

"Una nini, mzee?" fundi wa breki akamuuliza.

"Nimemfungia mama ndani."

"Mama gani?"

Mzee alishageuka. Alikamata kabari yake ya mpira na waya wake wa kufungulia milango, akatoka mbio kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Mzee wa miaka hamsini na minane, mwenye magoti mabovu, ambaye kwa kawaida huvuka barabara baada ya kutazama kulia mara tatu na kushoto mara nne, alivuka barabara kubwa bila kutazama popote. Dereva mmoja alimtukana mpaka akafikia ukoo. Hakusikia. Alikuwa anasikia kishikio tu, kile cha zamani, kikichezacheza mkononi mwake. Alikuwa anajua joto la mle ndani linavyopanda, linavyoanzia kichwani, jinsi pumzi inavyokuwa nzito na mtu anavyoanza kujiambia asubiri kidogo, watakuja, watakuja. Yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Mama yule alikuwa na themanini.

Maegesho ya benki, ile moja tu ya mji, yalikuwa nyuma ya jengo, wazi, bila mti wala kibanda. Alilikuta gari mwisho kabisa wa safu, limefungwa, vioo vya nyuma vyeusi tii. Watu walikuwa wanapita mita mbili kutoka pale na hakuna aliyekuwa na habari. Akabandika uso kwenye kioo, akakinga mwanga kwa mikono. Mama alikuwa ameegemea mlango, shuka la begani limemwanguka, na kiganja chake kilikuwa kinagonga kioo polepole sana, kwa namna ya mtu anayegonga bila kutegemea.

"Mama! Mimi fundi! Nakutoa sasa hivi!"

Kiganja kikasimama.

Mafundi wa vitasa wana sheria moja ambayo haikuandikwa popote: hufungui gari bila mwenye gari kusimama pembeni yako. Anayejua kufungua bila ufunguo na anayeiba, kwa macho ya mpita njia, ni mtu mmoja. Mzee Hakikisha alikuwa ameishika sheria hiyo maisha yake yote, maana alishaona kwa macho yake umati unachoweza kumfanya mtu kabla hajapata nafasi ya kusema jina lake. Alitazama mlango wa benki. Alitazama kiganja, kimetulia kwenye kioo. Kuvunja kioo kungemmwagia mama vipande usoni. Akachomeka kabari kwenye mlango wa mbele.

Akaingiza waya. Mikono yake, iliyotetemeka njia nzima, ikatulia ilipogusa kazi. Akakikamata kidude cha kufungia, akavuta, mlango wa mbele ukaachia, na king'ora cha gari kikaanza kupiga kelele.

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Alikuwa mlinzi wa benki. Kabla Mzee Hakikisha hajafikisha mkono nyuma, kola yake ilishakamatwa, kofi likatua, na watu wakajaa kama waliokuwa wamejificha wakisubiri kuitwa. Mtu akamkata mtama. Magoti yakagonga lami. Akaona viatu, viatu vingi, na roho ikawa mkononi.

"Niueni baadaye!" alipiga kelele kwa sauti ambayo hakujua anayo. "Kuna mtu ndani! Kwanza mtoeni mama, halafu mniue!"

Sijui ni lipi kati ya maneno hayo lililowafikia. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akachungulia kupitia mlango wa mbele uliokuwa wazi, akapiga yowe. Viatu vikarudi nyuma. Mzee Hakikisha akajiburuta, akapitisha mkono ndani, akakivuta kidude cha mlango wa nyuma, akazunguka na kuufungua kwa nje. Mama akamwangukia mikononi, nguo imelowa jasho chapachapa, midomo imekauka, yuko hai.

Wakamketisha chini, kwenye kivuli cha watu wenyewe waliosimama kumkinga jua. Akaletewa maji, akanywa kidogo kidogo. Mwalimu akatoka benki mbio aliposikia king'ora, akamkuta mama yake ameshikwa na mikono ya watu asiowajua, akapiga magoti hapo hapo.

Basi upepo ukageuka. "Mzee huyu ndiye aliyemwokoa!" Mlinzi aliyepiga kofi sasa alikuwa anamfuta vumbi begani. Mtu akasema bila yeye tungekuwa tunazungumza mengine. Mwalimu akamshika mikono yote miwili, machozi yakimtoka.

"Fundi, Mungu akubariki. Lakini ulijuaje? Ulijuaje kwamba amekwama?"

Kulikuwa na jibu tayari, jepesi, limekaa kwenye ncha ya ulimi. Nilikuwa napita. Watu kumi na tano walikuwa wanamtazama kwa upendo, watu wale wale waliokuwa wanataka kumvunja mbavu dakika tatu zilizopita, na alijua fika wanaweza kugeuka tena. Aliogopa kuliko alivyoogopa akiwa chini.

"Ni mimi niliyemfungia," akasema. "Nilisahau klipu ya kishikio. Nimeikuta mfukoni mlipokwisha kuondoka."

Mwalimu akamwachia mikono. Mlinzi akaacha kufuta vumbi. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini ambayo wanafunzi wake bila shaka waliijua na kuiogopa, "Nilikupa mama yangu, fundi."

"Mwache," mama alisema, sauti imekwaruza. "Arudishe hicho alichosahau. Nataka kuona."

Fundi wa breki, aliyemfuata mbio tangu gereji, alikuwa ameshafika na mfuko wa vifaa, akihema. Mzee Hakikisha akafungua paneli mbele ya macho yote yale. Kichuma kilikuwa kimechomoka kama alivyojua, kinaning'inia. Akakirudisha, akakibana na klipu, akarudisha paneli. Kisha, bila kufikiri, akachukua bisibisi, akausukuma ulimi wa kitasa, mlango ukiwa wazi, akavuta kishikio. Tak.

"Hivyo hivyo ndivyo ulivyojaribu asubuhi," mama akasema. Alikuwa amekaa akimtazama asubuhi nzima, alikuwa ameona.

"Ndiyo, mama."

"Na milango ya watu wengine, unaijaribu vipi?"

Akatazama mkono wake. Bisibisi ilikuwa bado mkononi.

"Hivyo hivyo."

"Yote?"

"Yote, mama. Miaka yote."

Alijisikia akisema hivyo, na hapo ndipo hofu ya kweli ilipomkamata. Ile ya njiani ilikuwa hofu ya mlango mmoja. Akainua macho, akatazama maegesho. Mji wenyewe haukuwa mkubwa, na magari yaliyochoka vitasa yalikuwa na fundi mmoja.

Akampa fundi wa breki bisibisi. Akainama, akaingia kiti cha nyuma. Kiti kilikuwa bado na unyevu wa jasho la mama.

"Mwalimu, bamiza mlango. Kwa nguvu."

Mwalimu akaubamiza kwa nguvu ambayo haikuwa ya mlango peke yake. Giza la vioo vyeusi likamfunika, joto likamkaa kichwani, pumzi ikakwama. Mkono haukutaka kunyanyuka. Watu wa nje waliona kivuli kimekaa tu, wakaanza kutazamana. Ndipo kishikio kikavutwa, mlango ukafunguka, akatoka uso umelowa.

"Huu sasa unafunguka," alimwambia mwalimu. Kisha akamgeukia mlinzi, akanyoosha kidole kwenye gari la tatu kutoka pale, ambalo alikuwa amelitengenezea mlango wakati wa mvua na lilikuwa na kiti cha mtoto nyuma.

"Lile jeupe, mwenyewe yuko wapi?"